Mto Uliomhamisha Biasha

Jumatatu, 10 Februari 2025

Biasha amehama. Si mbali, ni hatua saba tu, kutoka kitandani petu mpaka chumba cha binti yetu Hafsa aliyeolewa. Lakini amehama na shuka, na chandarua, na feni. Feni! Na joto hili la kaskazi.

Sababu ni mto wangu.

Niuandikie haki yake mto huu. Ni wa sufi, alioujaza marehemu baba kwa mikono yake kutoka msufi wetu wa hapa Bongwe, mwaka niliooa. Miaka ishirini na sita. Haujawahi kufuliwa kwa sababu haujawahi kuchafuka. Umeshika umbo la kichwa changu, nikisafiri unabaki na shimo lake unaningoja. Wakati nilipokuwa mkuu wa usalama katika hoteli moja kubwa Diani (wenye wivu husema nilikuwa askari wa lango), Mjerumani mmoja aliulalia dakika tano tu. Akainuka macho yamejaa machozi, pua nyekundu, hawezi kusema neno. Furaha.

Leo Biasha amekwenda zahanati kwa sababu ya chafya zake. Daktari ni Fauzia, mtoto wa dada yangu. Fauzia yuleyule niliyembeba mgongoni kwenda shule, nikivuka Ramisi imefurika, mamba wawili nyuma yangu. Watatu, nikikumbuka vizuri. Leo huyo ndiye amemwandikia mke wangu karatasi dhidi yangu.

Eti ni mzio. Eti ndani ya mto wangu mna vidudu vya vumbi, vidogo hata havionekani, vinakula ngozi inayopukutika kichwani mwangu, na kinyesi chao ndicho kinachomziba Biasha pua. Mto wa zamani utupwe. Mito mipya ivalishwe mifuko ya zipu, ya kitambaa kilichofumwa kikabana. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Udi usifukizwe chumbani.

Nikauliza: kama havionekani, yeye aliviona vipi? Biasha alikuwa anapiga chafya.

Halafu akatoa hukumu. Jumapili kaka yake Abdulaziz anakuja na pikapu kutoka Msambweni. Mto ukiwa bado uko humu ndani, yeye anapanda, na Ramadhani itamkuta hukohuko. Mimi nifuturu na mto wangu.

Nimecheka sana. Kisha nikaenda kulala. Kitanda hiki ni kipana kupita kiasi, sijui nani alikipima. Sikulala. Joto.

Jumanne, 11 Februari

Mpango nimeupata kabla ya chai. Mto hautupwi. Mto unasafishwa, Biasha anarudi, Fauzia anaomba radhi. Kwa mpangilio huo.

Mama yangu alikuwa akifukuza kila kitu kwa moshi: mbu, husuda, wageni wasiojua kuondoka. Kidudu, hata kiwe kidogo vipi, kina pua. Kwa hiyo nikafunga madirisha, nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka udi wa harusi, ubani, majani ya mwarobaini, na pilipili kavu mbili ili ujumbe ueleweke. Mto nikauweka juu ya tenga, chetezo chini yake.

Kuhusu udi kukatazwa chumbani: huo ni ushauri kwa watu wasio na uzoefu.

Nilitoka chumbani kwa magoti. Si kwa kushindwa. Moshi hupanda juu, na mimi sayansi ninaijua. Biasha alikuwa uani anamenya muhogo. Alipiga chafya kumi na tisa, nilizihesabu. Nikamweleza kwamba hao ni vidudu wa mwisho wanaaga. Akabeba sinia lake la muhogo akaenda kumenyea kwa Masila.

Masila ni jirani, fundi seremala. Alitoka Makueni miaka kumi iliyopita na tayari anajua kila kitu cha Pwani. Akachungulia juu ya ua akaniuliza kama nyumba inaungua ama ni mimi tu. Akashauri nitupe mto, ninunue mwingine, maisha yaendelee. Nikamwambia yeye abaki kwenye mbao. Sufi ni elimu nyingine.

Cheche moja iliruka ikatoboa foronya na kitambaa cha ndani. Tundu dogo. Nitaliita la hewa.

Jumatano, 12 Februari

Nimeisoma upya karatasi ya Fauzia. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto sana. Kama moto unaua kidudu kwenye shuka, kwenye mto je? Msichana ameishia nusu ya njia. Nimemmalizia.

Tatizo lilikuwa chombo. Sufuria zetu haziingii mto. Lakini stoo yetu ndiyo yenye vyombo vya kikundi cha akina mama: masinia, miiko, na sufuria za kupikia shughuli. Mtaa mzima ukiwa na harusi au hitima hukopa humo. Biasha ndiye mtunzaji, mwaka wa kumi na moja sasa, na ufunguo huning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Sufuria kubwa kuliko zote hulisha watu mia mbili. Mto mmoja itaudharau.

Biasha alikuwa kwenye darasa la dini la akina mama. Nikawasha moto uani, nikajaza maji, nikatia nusu pakiti ya sabuni ya unga. Maji yakachemka. Nikautumbukiza mto.

Hapa nimegundua jambo ambalo sidhani limeandikwa kitabuni. Sufi haizami. Nikiusukuma mto chini kwa mwiko, unaibuka. Nikiukalishia jiwe, unalitupa jiwe. Nimewahi kupigana na chatu kule Shimba Hills, wallahi chatu alichoka mapema zaidi. Baada ya saa nzima lile tundu la hewa likapanuka na sufi ikaanza kutoka yenyewe, inaelea juu ya povu. Povu likafika njiani.

Masila akachungulia tena. Nikamwambia ninapika supu. Akauliza mgonjwa ni nani.

Nimeipangusa sufuria kwa leso kuukuu, nikairudisha stoo, nikaning'iniza ufunguo. Biasha aliporudi alinikuta nimekaa barazani na tasbihi. Kazi safi. Hakuna aliyejua kitu.

Alhamisi, 13 Februari

Mto unatakiwa kukauka. Wajinga wangeuanika kwenye kamba. Mimi niliupandisha juu ya mabati ya jikoni, mahali penye jua la kuchoma yai.

Nilikuwa nimewasahau tumbili.

Alikuja mmoja. Akauangalia. Akakaa juu yake, nikakubali, kwani hata yeye alijua starehe. Halafu akaliona tundu. Akaingiza mkono, akatoa sufi, akainusa, akaitupa hewani, ikapeperuka, akafurahi. Wakaja wengine sita. Nilirusha ndala zote mbili. Moja haijashuka mpaka sasa.

Upepo ulikuwa unaelekea kwa Masila. Masila alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupaka vanishi kabati la harusi, la binti wa Mwanaima, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Milango mitatu, kioo, nakshi. Vanishi mbichi. Sufi ya Bongwe nzima ikatua hapo ikatulia.

Masila hakupiga kelele. Alisimama na brashi mkononi, akalizunguka lile kabati mara moja.

"Mzee Abdulrahim," akaniambia, "mimi niliambiwa nitengeneze kabati. Sasa hii naipeleka ama naichunga?"

Nikajitolea kumsaidia kupangusa. Leso ikanasa. Ilipotoka, nusu ilibaki mlangoni.

Biasha alikuwa amesimama kizingitini anapiga chafya na kucheka kwa pamoja. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Hafsa aolewe. Ningefurahi zaidi kama sababu isingekuwa mimi.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeokota sufi yote. Uani, njiani, kwa Masila (kabla hajaamka), na ile iliyokuwa bandani kwa kuku. Nimeujaza mto upya na kuushona kwa uzi wa nyavu. Umenenepa. Ulikuwa mto, sasa ni mzee wa heshima.

Baada ya swala nikawaeleza wanaume barazani kwamba mto wangu umefukizwa, umechemshwa na umeanikwa, na kwamba hata Nairobi hawajafikia hatua hii. Nikamtumia Fauzia salamu aje aukague, kwa imani kamili.

Akaja jioni na sare zake za kazi. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha akavaa barakoa kabla ya kuushika mto, jambo lililoniudhi. Akafumua mshono kidogo. Alitoa nyasi, manyoya ya kuku, kifungo cha shati na sisimizi walio hai, wana haraka zao. Akasema ndani bado kuna majimaji, kesho kutwa ukungu utaota, na ukungu ni mbaya kuliko hao vidudu. Nikamwambia hao sisimizi ni ushahidi kwamba mto hauna sumu.

Akavua barakoa.

"Mjomba, mkaza mjomba anaamka mara tano, mara sita kila usiku, anatafuta pumzi. Mafua hayawi hivyo. Kifua chake kimeanza kupiga filimbi. Mimi ninamwogopea."

Nikamwambia bado mdogo, ataelewa. Hakubishana. Akanibusu mkono akaenda zake.

Mara sita. Mimi nilidhani anaamka kwenda kunywa maji.

Sikulala. Joto limezidi.

Jumamosi, 15 Februari

Sitaki kuandika ya leo. Naandika kwa faida ya historia.

Alfajiri akina mama walikuja kuchukua sufuria kubwa ya pilau ya harusi ya binti wa Mwanaima. Nilikuwa nimesahau kwamba ni Shaaban na kila mtu anaozesha kabla ya mfungo. Biasha akasema ioshwe kwanza. Nikaona nikijitokeza nitapata sifa, na sifa nilizihitaji. Nikasema haina haja, nimeiosha mwenyewe, kwa sabuni, kwa maji ya moto.

Mwanaima akaniombea dua. Akawaambia wenzake waume wawe hivi. Biasha akanitazama kwa muda mrefu, lakini ufunguo ulikuwa msumarini mahali pake.

Saa sita pilau ikaanza kutoa povu.

Mwanzoni walisema ni mchele. Wakaendelea, wakafunika, wakapalia makaa. Masinia yalipofika upande wa wanaume, harufu ilikuwa ya udi. Watu wakasifu. Nami nikasifu. Kisha mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, amesafiri kutoka Vanga kwa barabara ile mbovu ili ale pilau ya Bongwe, akashika kitu kati ya meno. Akavuta. Akavuta tena. Kilikuwa cheupe, kirefu, na hakikuwa na mwisho. Aliyekaa kando yake akapiga chafya. Kisha wa pili. Kisha sinia zima.

Masila alikuwa mwalikwa. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, kama hii ndiyo ile supu.

Jikoni Biasha aliopoa kishada kimoja kwa mwiko. Alikitambua mara moja. Miaka ishirini na sita kilikuwa kinalala shubiri moja kutoka puani mwake. Wanasema alivua ufunguo wa stoo, aliokuwa ameuvaa shingoni tangu alfajiri, akaenda mbele ya akina mama wote akamkabidhi Mwanaima. Mwaka wa kumi na moja, hajapoteza hata kijiko.

Wageni walikula sambusa. Niliondoka kwa mlango wa nyuma, kwa heshima zangu zote.

Jumapili, 16 Februari

Abdulaziz alifika saa nne. Mtu mwenye adabu sana, na hilo ndilo baya lake. Aliniuliza habari za afya, za kazi, za mashamba. Hakuuliza za mto. Akakaa akanywa chai yake yote.

Biasha alikuwa na begi moja. Nikamwambia mto umefukizwa, umechemshwa, umeanikwa, umekaguliwa na daktari. Kilichobaki ni kuukatia pasipoti. Nikamwambia asubiri ukauke vizuri. Nikamwambia watu watasema.

Nilitegemea maneno. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, ninayo mengi. Yeye akasema moja tu.

"Nakwenda kulala, Abdulrahim."

Saa nne asubuhi. Akapanda pikapu.

Jumatano, 19 Februari

Siku tatu. Ninakula mahamri ya kibandani. Mto umeota madoa meusi upande mmoja. Nimeugeuza.

Asubuhi nilipiga simu Msambweni. Abdulaziz akasema amelala. Nikapiga adhuhuri. Amelala. Nikapiga alasiri. Abdulaziz, kwa adabu yake, akasema ameamka, amekula, amelala tena, na kama ni jambo la dharura atamwamsha. Nikasema si dharura. Nilitaka kuuliza chumvi inakaa wapi.

Magharibi akapiga mwenyewe. Kwa muda sikumtambua. Miaka yote hii nimeoa mwanamke mwenye sauti ya kuzibwa, nikadhani ndiyo sauti yake.

"Jana nimelala mpaka jua likanipiga usoni," akasema. "Nimeamka nikaishika pua yangu. Nikadhani si yangu."

Alisema kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibiwa. Nikamuuliza kama amenikumbuka. Akasema ameikumbuka nyumba. Ni mwanzo mzuri.

Chumvi iko kwenye kopo la majani ya chai.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeuchoma mto.

Ilikuwa uamuzi wangu mwenyewe. Masila alileta kiberiti tu. Nilianza hotuba fupi kuhusu marehemu baba na yule Mjerumani, lakini sufi haingoji hotuba. Iliwaka mara moja, puu, ikaondoka na nusu ya nyusi zangu. Masila akavua kofia. Sijui kwa heshima au kwa joto.

Halafu nikashika karatasi ya Fauzia nikaifuata mstari kwa mstari, ili nimwonyeshe jinsi ambavyo haiwezi kufanya kazi. Mashuka na foronya kwenye maji ya moto, kwa sufuria yetu safari hii. Kitambaa chenye maji juu ya kabati, juu ya madirisha, juu ya mihimili. Vumbi lililotoka juu ya mihimili lingepandwa muhogo. Zulia nimelitoa. Mapazia nimeyafua. Masila alinisaidia kutoa godoro juani, tukalipiga kwa fimbo mpaka tukapoteana. Hafsa alituma mito miwili mipya na mifuko ya zipu, wa godoro pia.

Mgongo wangu umekufa. Kwa Mwanaima nimekwenda pia. Nimekiri, kifupi. Amenisikiliza, amenipa steelwool na ile sufuria. Nimesugua mpaka Isha. Ufunguo anao bado, anasema atampa Biasha mwenyewe, si mimi, wala asije akanituma mimi kuuchukua.

Jumamosi, 22 Februari

Biasha amerudi.

Jana jioni, na Abdulaziz. Alikagua chumba kama afisa wa forodha pale Lunga Lunga. Alifungua zipu, akafunga zipu. Alipitisha kidole juu ya dirisha akakitazama. Alinusa mto mpya, akangoja. Sote tukangoja. Abdulaziz alikuwa ameshika ufunguo wa pikapu.

Chafya haikuja. Akasema begi liingizwe ndani.

Masharti: kikianza tena kifua chake kupiga filimbi, anarudi Msambweni, na safari hiyo pikapu itabeba na vyombo vyake. Nimekubali yote. Mtu anayeshinda huwa mwepesi kukubali.

Amelala usiku kucha. Na hakoromi! Miaka ishirini na sita niliwaambia watu mke wangu anakoroma, kumbe ilikuwa pua inapigania njia. Nilikaa macho nikisikiliza kimya hicho. Nimeinamia uso wake mara mbili kuhakikisha yuko hai. Yuko hai.

Asubuhi kila mtu anamshukuru Fauzia. Mwanaima kaja mwenyewe na ufunguo, kamshukuru Fauzia. Hafsa kwenye simu, Fauzia. Mimi niliyesugua mihimili, kimya. Nikampigia Fauzia nikamweleza kwamba siri yote ilikuwa kwenye mpango wangu, yeye alisaidia kuuandika. Akasema, "Asante mjomba, nimejifunza." Mtoto ana adabu. Malezi yangu.

Tatizo moja limebaki. Mto mpya. Ni kama kulalia mkate wa boflo. Hauna shimo la kichwa, ukilala unakusukuma kama mtu anayetaka kiti chake. Shingo yangu imekakamaa, sigeuki kulia. Mtu wa hadhi yangu hawezi kuishi anaangalia upande mmoja.

Sasa ni saa tisa. Biasha kapumzika ndani, mlango uko wazi kidogo, naisikia pumzi yake inaingia na kutoka bila ugomvi. Chengo amepita hapa na baiskeli. Chengo anafuga bata kule nyuma ya shule. Ananiambia ana gunia la manyoya laini ya bata limekaa tu bandani kwake tangu mwaka jana, hana kazi nalo.

Nimeisoma karatasi ya daktari mara mbili, mbele na nyuma. Vitu vya zamani vimekatazwa. Udi umekatazwa. Vumbi limekatazwa. Bata hakutajwa popote.

Gunia linakuja baada ya alasiri. Nimemwambia Chengo apite mlango wa uani, tena anyate, asije akamwamsha.